Aliyevunja Maua ya Migomba Yangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na wala sitaki kujitetea. Nimetunza stoo ya shule ya bweni kule Shinyanga miaka zaidi ya ishirini, na stoo haimfundishi mtu upole. Nikinunua sukari dukani naipima tena nyumbani. Mtu akinisalimu salamu ndefu kuliko kawaida, namsubiri nione anataka nini. Kwa hiyo kiangazi cha kwanza baada ya kustaafu, nilipogundua kuna mtu anaingia uani kwangu Nyanga, hapa Bukoba, na kuvunja maua ya migomba yangu, sikusema labda ni upepo. Nilisema, haya, tumeanza.

Bustani yenyewe iko nyuma ya nyumba, wala si kubwa. Karibu na jiko kuna matuta ya mchicha, nyanya na bilinganya. Chini kidogo kuna mibuni mitano, halafu migomba minane, halafu mpaka. Watu wa mjini wangeiita bustani, mama yangu angeiita kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, ila kilichokonda.

Hiyo migomba minane ndiyo ilikuwa roho yangu. Ilitoka Muleba, kwenye kibanja cha mama yangu, kwenye mashina aliyopanda mwenyewe mwaka alioolewa. Mama alipofariki, kaka zangu waliuza kibanja bila kuniuliza, kwa sababu mimi ni mtoto wa kike na nilikuwa mbali. Aliyenunua hakutaka ndizi, alitaka kupanda misonobari auze mbao. Nilipopata habari nilipanda basi usiku na mchana, nikafika na jembe kabla watu wake hawajaanza kung'oa, nikachimbua miche minane, nikaifunga kwenye gunia na kuileta Nyanga, ambako nyumba yangu ilikuwa bado haijapigwa hata plasta. Ile niliyoiacha nyuma iling'olewa yote wiki hiyo hiyo. Ndizi za aina ile, nshakala, wanazo watu wengi Bukoba nzima, lakini ndizi ya mama yangu ilikuwa imebaki uani kwangu tu.

Basi niliitunza kama mgonjwa. Kiangazi cha huku si kikali kama cha Shinyanga, lakini vumbi linakuwepo, na upepo wa ziwani unakausha udongo wa juu mpaka unapasuka. Maji ya kuoshea vyombo sikuyamwaga ovyo, kila shina lilikuwa na zamu yake. Nilinunua nyasi nikazitandaza chini, nene, kama mama alivyokuwa akifanya. Jioni nilikaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ya mchaichai, nikanyoosha miguu, nikatazama nyanya zikianza kuwa nyekundu, nikajisemea, sasa mama ungeniona. Nyanya niliyochuma mwenyewe na kuila palepale na chumvi, joto la jua likiwa bado halijaitoka mkononi, ilikuwa tamu kuliko nyanya zote nilizowahi kununua. Nilifurahi, sitaficha. Sikumbuki kufurahi namna ile tangu nianze kulipwa mshahara.

Halafu ndiyo maua yakaanza kutoweka.

Mgomba ukishatoa mkungu, chini ya vichane hubaki ua moja kubwa la zambarau, limening'inia kwenye kikonyo chake. Ndilo ua dume. Halizai kitu, lakini kwangu lilikuwa pambo la mgomba, na nyuki na ndege walikuwa hawakosekani pale. Jumapili moja nimetoka misa ya kwanza, nimebadilisha nguo, nimeshuka bustanini, nakuta migomba miwili haina maua. Nikatazama vikonyo. Havikukatwa kwa kisu, vilinyongwa vikavunjika, vimebaki na nyuzinyuzi. Nikatafuta chini kwenye nyasi. Hakuna ua hata moja.

Mtoto angevunja ua akalitupa hapo hapo. Mbuzi hafiki juu kiasi kile. Na mwizi wa kweli, mwizi mwenye akili zake timamu, angeacha mkungu mzima achukue ua? Ua dume la kazi gani? Hapo ndipo mwili uliponisisimka, kwa sababu mtu anayechukua kitu kisicholiwa wala kuuzwa, ana matumizi yake.

Wiki iliyofuata, Jumapili tena, ua la tatu. Nikakaa kwenye kigoda nikapiga hesabu. Siku za kazi nipo nyumbani kutwa. Jumapili natoka alfajiri kwenda misa, narudi saa tatu. Kwa hiyo ni mtu anayejua saa zangu. Wakatoliki wa nyumba za karibu wote tunakwenda misa ile ile, tunaonana. Nani anabaki? Wanabaki Walutheri, ibada yao inaanza saa nne. Na jirani yangu wa karibu kuliko wote, wa upande wa chini, ng'ambo ya mpaka, ni Mlutheri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Huyo jirani alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mjane, anaishi peke yake. Mwanawe wa kiume, mvuvi kule kisiwani Goziba, ndiye aliyemjengea nyumba, naye huja mara chache, akipata boti. Mama mwenyewe alitoka Kimwani, huko Muleba. Alisema kibanja chao kule kiliharibika, basi wakahama. Kiliharibikaje, hakusema, nami niliuliza mara mbili. Kibanja hakiharibiki kama maziwa, nikajisemea. Kuna jambo huyu mama analikimbia. Tulikuwa tunasalimiana vizuri tu, mimi namwita mama, yeye ananiita mwanangu, ananipa maharage mabichi, nampa mchicha. Lakini tangu siku niliyopiga ile hesabu, maharage yake nilikuwa nayapokea kwa mikono miwili, nikiingia ndani nayatupa.

Nikaanza kumchunguza. Migomba yake mwenyewe haikuwa na ua hata moja! Yote vikonyo vitupu. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikasema, tazama, anachukua yake, sasa ameishiwa, amehamia kwangu. Halafu siku moja nikipalilia karibu na mpaka, jembe likaingia mahali palipokuwa laini kuliko kwingine. Nikafukua. Mama wee! Maua yangu matatu, yamelazwa pamoja shimoni, yamefunikwa na majivu.

Nilikaa chini palepale. Ua la mgomba wa mama yangu, kwenye shimo, juu yake majivu, na shimo mpakani. Mniambie ninyi, mngefikiri nini?

Jumapili ya tatu sikwenda misa. Nilivaa gauni la kanisani, nikatoka na kitabu cha nyimbo kwapani, nikapita mbele ya nyumba yake nikamsalimu, halafu nikazunguka kwa nyuma nikajibanza katikati ya mibuni. Siku za mwizi ni arobaini. Nilikaa pale mpaka siafu wakanipata, nikavumilia. Akaja. Alipita kwenye mpaka taratibu, amejifunga khanga mbili, ameshika mti mrefu wenye panda juu. Akasimama chini ya mgomba wa nne, akatazama mkungu kwa muda mrefu kana kwamba anahesabu vichane vyake. Kisha akaipenyeza ile panda kwenye kikonyo, akanyonga mara moja, ua likaanguka. Mkono wake haukugusa kitu.

Nikatoka. Sikumbuki yote niliyosema, lakini nakumbuka nilivyosema, maana koo liliniuma siku mbili. Nilimuuliza mama yangu alimkosea nini. Nilimuuliza huko Kimwani alifukuzwa kwa uchawi wa namna gani. Neno lenyewe, mchawi, nililitamka mara tatu au nne, na wakati ule barabarani watu wa misa ya pili walikuwa wanapita, wengine wakasimama. Kumwita hivyo mama mzee anayeishi peke yake si jambo dogo. Nilijua nikiwa nalisema. Nililisema hivyo hivyo.

Alinitazama, akaliokota ua na pembe ya khanga, akasema, "Nisamehe waitu," kwa ile heshima ya Kihaya, akarudi kwake. Kwangu hiyo ilikuwa ni kukiri. Asiye na kosa angetukana.

Siku ya pili yake niliziba mpaka wote kwa minyaa na matawi ya miba. Maua yaliyobaki niliyaacha yaning'inie, na kila asubuhi nilikwenda kuyahesabu kwa raha. Sitaki kusema uongo, nilikuwa najisikia mshindi. Nilisikia kwamba yule mama haendi kanisani siku hizi, kwamba wanawake bombani wanampisha. Nikasema, dunia ina macho.

Mwishoni mwa kiangazi nilitafuta kibarua wa kunisaidia kuondoa majani makavu ya migomba, tuyatandaze kabla ya mvua. Alikuja mwanaume mmoja mchapakazi, mwenye panga lake mwenyewe, linameta. Wiki nzima alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo kwenye vibanja vya watu, huku na huku. Alipoanza tu, nikasikia sauti ng'ambo ya minyaa. Ilikuwa ni mara ya kwanza yule mama kunisemesha tangu siku ile.

"Mwanangu," alisema, "nakuomba. Mwambie apitishe panga motoni kwanza."

"Ili iweje?"

"Lipate moto vizuri. Kisha ndipo aguse migomba yako."

Kibarua akanitazama, anasubiri. Moto ulikuwepo jikoni, chungu cha maharage kilikuwa kinachemka. Zilikuwa hatua kumi. Lakini mimi nilisikia mtu anayetaka kunipangia dawa zake uani kwangu, baada ya maua sasa anataka na panga. Nikamwambia kwa sauti kwamba moto wangu ni wa kupikia, mambo yake ayafanye kwake. Nikamgeukia kibarua, nikamwambia, "Kata, baba, usipoteze muda." Akakata. Alifika kwenye mashina yote manane, na mkungu mmoja uliokomaa tukauangusha, akapata posho yake na ndizi za kupikia, akaenda.

Mvua zilianza vizuri mwaka ule. Mchicha ulinipita kiuno. Lakini mgomba wa kwanza, ule wa karibu na mibuni, jani lake la katikati lilianza kugeuka njano, likalegea kama limemwagiwa maji ya moto. Nikasema ni mvua nyingi. Wiki iliyofuata majani matatu. Mgomba mwingine mkungu wake ukaanza kuiva ukiwa bado mchanga, vidole viwili vya njano huku, kimoja kule, vingine kijani. Nilikata kidole kimoja nikakipasua. Ndani kulikuwa na rangi ya kutu.

Unajua nilimfikiria nani. Nilisimama kwenye minyaa nikatazama upande wa pili kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Migomba yake ilikuwa mizima, kijani tupu, mikungu imejaa. Hata hilo nililiona ni ushahidi.

Niliita bwana shamba, si kwa sababu nilihitaji kuelezwa, ila nilitaka mtu wa serikali aandike. Ni kijana mpole, anavaa buti za mvua hata siku ya jua. Alichoma kisu kwenye shina la mgomba wa kwanza, tukasubiri kidogo, ukatoka utomvu mzito wa njano. Akasimama, akajifuta mikono kwenye nyasi.

"Ni mnyauko, mama," akasema.

Mnyauko nilikuwa nimeusikia redioni nikiwa bado Shinyanga. Niliuona ni habari za vijiji vya watu wengine. Kule nilikokuwa hakuna migomba, na nilirudi Bukoba nikiwa najua kilimo cha mama yangu, cha zamani, kabla ugonjwa huu haujafika.

Akaniuliza, "Maua dume huwa unayatoa?"

"Kwa nini niyatoe?"

"Wadudu wanatua kwenye ua la mgonjwa, wanakuja kutua kwenye la kwako. Ndiyo mlango wa ugonjwa. Mkungu ukimaliza kutoa vichane, unalinyonga ua kwa mti wenye panda. Si kwa kisu, maana kisu nacho kinabeba." Akainua macho, akaona vile vikonyo vitatu vya zamani vilivyokauka, na cha nne. "Lakini hivi vilinyongwa vizuri kabisa. Nani alikuwa anakufanyia?"

Nikatazama minyaa ya mpakani.

"Na yalitupwa wapi?"

"Yalifukiwa," nikasema. "Na majivu juu."

Akatikisa kichwa, kwa heshima hasa. "Basi ni mtu aliyepoteza kibanja. Wale wa Muleba waliopitiwa na mnyauko, wanafukia hadi ua. Wengine walibaki bila shina hata moja la kuwalisha watoto." Kisha akauliza nani alikata majani, na panga lilipitishwa motoni au la. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anajaza karatasi yake tu.

Nilimwambia halikupitishwa. Sikumwambia kwamba niliombwa.

Tulianza kung'oa migomba miwili. Baada ya siku kumi ilikuwa mitano. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeng'oa yote minane kwa mikono yangu, kwa sababu sikutaka kibarua aguse tena mahali pale. Mgomba ni mwepesi kuanguka, shina lake la chini ndilo linalokataa. Nilichimba, nikakata vipande, nikafukia. Wa mwisho ulikuwa mzima kwa macho, kijani, una watoto wawili pembeni, nikaupasua nikiomba usitoe kitu. Ukatoa ule utomvu. Nililia pale shimoni kama siku tuliyomzika mama, na siku ile angalau nilikuwa na watu. Safari hii nilikuwa peke yangu na nilijua aliyeua ni nani. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini huyu mjukuu wangu hakuchelewa.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza. Niliporudi sikubadilisha hata nguo. Nilizunguka kwa kijia kinachopita chini ya mpaka hadi upande wake, nimeshika kikapu cha nyanya, maana kwenda mikono mitupu nilishindwa. Alikuwa ameinama anapalilia maharage chini ya migomba yake. Akaniona nikiwa bado mbali.

"Simama hapo hapo!" akasema. "Usiingie."

Nikasimama. Nikafikiri, ni haki yake kunichukia.

"Miguu yako imetoka kwenye ugonjwa," akasema. "Na viatu hivyo ulipita navyo mashimoni?"

Nilitazama viatu. Vilikuwa vya kanisani, lakini nilikuwa nimepita navyo bustanini asubuhi, kwenye mashimo, kuiaga migomba. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia niweke kikapu chini na nisisogee. Alikuwa ananitazama miguu, mikono, pindo la gauni, kipande kwa kipande, kama nilivyokuwa ninawatazama wapishi wa shule wakitoka stoo. Sijawahi kutazamwa hivyo, na nikiwa na kosa kweli. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukuniambia? Ungesema tu."

Alinyoosha mgongo taratibu. "Nikwambie kibanja chako kitaugua? Kisha kiugue? Ungesema mimi ndiye niliyekiombea mabaya. Kule kwetu niliwahi kumwambia mtu, akaniita kama wewe ulivyoniita. Nikaona bora ninyonge maua, ninyamaze. Ukanikuta."

Nilipiga magoti palepale njiani, kwenye matope, na gauni la kanisani. Nikamwambia nisamehe, mama. Nikamwambia, wewe si mchawi, ulikuwa unanilindia ndizi za mama yangu, na mimi ndiye niliyeziua kwa kiburi changu. Nilisema kwa kunong'ona, na barabarani juu watu wa misa ya pili walikuwa wameanza kupita.

Akatikisa kichwa.

"Siku ile hukunong'ona," akasema.

Nikageuka nikatazama barabara. Wengine ni wale wale waliosimama siku ile. Mama mmoja wa jumuiya yangu ya kanisani alikuwa ameshapunguza mwendo, shingo imenyooka. Nikasimama, nikafuta pua kwa kiganja, nikayarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti niliyomtukania.